Maneno Matatu Yaliyoziba Mnara wa Mbangala

Wanangu, mimi si mtu wa kujidai kwa nisilolijua. Mkiniuliza siasa nitanyamaza, mkiniuliza mpira nitawaita wajukuu. Ila kwa mitambo ya redio na minara ya simu, hapa Songwe nitajidai mpaka mchoke wenyewe. Nimepanda mnara asubuhi, na jioni yake nikaketi mbele ya wakwe waliokuja kunichumbia, mikono ingali na grisi. Mama alinificha mikono kwa kanga. Sasa nimestaafu, magoti yamegoma, lakini kichwa bado kinafanya kazi vizuri tu, asiwadanganye mtu.

Leo nataka niwaeleze jinsi nilivyokaribia kuangamiza familia ya watu nisiowajua kwa maneno matatu. Maneno yenyewe mnayasikia redioni kila siku: piga simu sasa. Nitafika huko. Mkiniharakisha hamtaelewa, kwa sababu lazima kwanza mjue tofauti ya redio na simu, na najua hamuijui. Msinikunjie nyuso. Hata mimi fundi nilikuwa naijua, na siku hiyo nikaisahau.

Tuanzie Tunduma. Siku moja foleni ya malori ya kuvuka mpaka ilikuwa imesimama, mbele haiendi, nyuma hairudi. Nilikuwa napita kwa miguu na begi langu la spana, naelekea kuhudumia jenereta la mnara. Dereva mmoja Mzambia akanichungulia dirishani, akaona nembo ya kampuni kwenye ovaroli, akaniita mama kwa Kibemba.

"Ba mayo! Wewe ndiye fundi wa mnara?"

"Ni mimi, baba."

"Basi mtambo wako mbovu. Tazama hapa." Akaninyooshea simu. Mistari ya mtandao imejaa yote. "Mistari mingi, napiga kwa bosi haitoki. Lakini hii," akapiga dashibodi ngumi moja, "hii redio inaimba tangu asubuhi, haijakwama hata mara moja. Kwa nini msijenge minara ya simu iwe kama ya redio?"

Nilicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Nikamwambia ageuke atazame nyuma. Malori mpaka macho yanaishia. Nikamuuliza, wenzako wote hao wakiwasha redio sasa hivi, ya kwako itapungua sauti? Akasema hapana. Nikamwambia ndiyo hivyo, kwa sababu redio haijui kama upo. Mtambo unarusha mawimbi, kazi yake imeisha. Awe anasikiliza mmoja au mkoa mzima, mtambo hauongezewi kazi hata chembe. Simu siyo hivyo. Wewe ukipiga, simu yako nayo inarusha mawimbi yake kurudi mnarani, na mnara lazima ukusikie wewe kama wewe, ukupe nafasi yako peke yako, uishike mpaka umalize kuongea. Na nafasi hizo zina idadi. Zikijaa zimejaa. Mistari uliyonionyesha inasema tu kwamba mnara unakufikia. Haisemi kama kuna nafasi.

Akawaza kidogo. "Kwa hiyo hawa wenzangu ndio wamekula mtandao wangu?"

"Na wewe unakula wa kwao. Umejaribu mara ngapi?"

"Ah, sijahesabu. Nabonyeza tu."

"Basi acha kubonyeza, kila ukibonyeza unamgongea mnara mlango. Tulia kidogo, utampata bosi wako."

"Natotela, ba mayo," akashukuru, huku kidole kinabonyeza tena. Madereva!

Aliyenifundisha mambo haya ni Mzee Nzunda, fundi mkuu wa redio yetu ya kule milimani Mbozi, redio ndogo ya matangazo ya vifo, bei ya kahawa na kwaya. Nilifika kwake nikitoka Ibaba, msichana wa viazi na maharage, nimesoma umeme lakini sijawahi kuushika. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia juu mpaka chini, akauliza, "Unaogopa urefu?" Nikasema siogopi. Akasema, "Vibaya. Anayeogopa ndiye anayefunga mkanda."

Alijua natoka kwenye baridi, akanifundisha kwa mambo ya kwetu. Akasema, binti, kwenu Ibaba asubuhi mnatoka nje kuota jua. Wewe ukiota, jirani yako anapungukiwa? Nikasema hapana. Hiyo ndiyo redio. Siku nyingine, simu zilipoanza kuingia, akanipeleka kwenye mashine ya kusaga, tukasimama tu pale tunaangalia akina mama na madebe yao ya mahindi. Mashine ni moja, mdomo wake ni mmoja, na kila debe lina mwenyewe, unga wa huyu usichanganyike na wa yule. Akasema, hiyo ndiyo simu. Nikamwambia Mzee, si ungenieleza tu kwa mdomo, tumetembea jua lote hili. Akasema ungesahau. Lo, alinijua.

Msidhani nilielewa papo hapo. Kuna kosa nililifanya mwaka wangu wa kwanza, mpaka leo nikikutana na watu wa enzi zile wananiita Mama Moshi. Mzee mmoja wa Nanyala alikuja studio na baiskeli, amekasirika. Anasema kila siku ikifika saa saba mchana, wakati wa matangazo ya vifo, redio yetu inafifia kwake. Asubuhi inanguruma, saa saba inanong'ona. Alikuwa amekosa mazishi ya binamu yake kwa sababu hakusikia jina la kijiji.

Mzee Nzunda hakuwepo. Mimi nikajitia kujua. Nikapiga hesabu zangu: saa saba ndipo watu wote wa Mbozi wanafungua redio wasikie nani amekufa. Wamekuwa wengi, sauti inagawanyika, lazima haiwatoshi. Nikaenda kwenye transmita, nikaongeza nguvu ili wote washibe. Nikaongeza tena kidogo. Baada ya muda nikasikia harufu, nikaona moshi, na redio ikazima katikati ya jina la marehemu.

Mzee Nzunda alirudi na kikombe chake cha chai mkononi. Akasimama mlangoni, akapiga funda, hakugomba.

"Umempikia nani?"

"Wasikilizaji, Mzee. Saa saba wanakuwa wengi."

"Wanakuwa wengi," akarudia polepole. "Kwa hiyo siku za mvua watu wakilala mapema utapunguza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Tulikaa kimya hewani siku kadhaa tukisubiri kipuri, na mkoa mzima ukawa unauliza wafu wamehamia redio gani. Kisha tukaenda Nanyala nyumbani kwa yule mzee kuona kulikoni. Mzee Nzunda hakugusa antena wala nini. Aliomba aone betri. Kumbe babu alikuwa hanunui betri mpya. Kila asubuhi anazianika juu ya bati zipate joto, zinaamka kidogo, anazipachika, redio inanguruma. Ikifika saa saba zimeshachoka. Nimechoma mtambo wa mkoa kwa ajili ya betri za mtu mmoja!

Likawa somo ambalo sikulipia ada. Mkisikia lawama ya redio, angalieni mtambo, angalieni mlima ulioko katikati, angalieni redio ya mlalamikaji mwenyewe. Idadi ya wasikilizaji wekeni pembeni kabisa. Mkisikia lawama ya simu, idadi ya watu ndiyo mwanzie nayo.

Baadaye nilihamia kwenye minara ya simu, miaka mingi, Tunduma mpaka Ileje mpaka bonde la Momba. Huko nilikutana na kila aina ya maneno. Kuna mwenyekiti wa kijiji aliyetaka mnara usogezwe karibu na nyumba yake ili apate mtandao wa kutosha kabla ya wengine. Kuna mama wa Tunduma aliyeapa kwamba Wazambia wanakuja jioni kuuvuta mtandao wetu upande wa pili. Nilikuwa nawasikiliza wote, kisha nauliza jambo moja tu: huwa inagoma siku gani? Hapo ndipo ukweli ulipo. Inagoma siku ya mnada. Inagoma siku wakulima wa kahawa wakilipwa. Inagoma sikukuu. Mnara haujaharibika, umezidiwa.

Siku hizi nyie mafundi vijana mnakaa ofisini, mnafungua kompyuta, mnaona mnara wa kijijini umejaa au umelala. Vizuri sana, siwaonei wivu, nimetelezeshwa na matope ya Ileje vya kutosha. Lakini kompyuta yenu haijui kwamba kesho Mbangala kuna mnada. Fundi anayejua siku za minada za wilaya yake atampita mwenye kompyuta tatu. Na mvua ikinyesha, kabla ya kufungua chochote, kaangalieni viungio vya nyaya kama vimeingia maji. Nusu ya miujiza niliyoifanya kazini ilikuwa kukausha viungio kwa kitambaa na kuvifunga upya, huku mameneja wakinisifu kwa utaalamu.

Haya. Sasa tufike Mbangala.

Mwishoni mwa kazi yangu nilirudi redioni. Mzee Nzunda alikuwa ametangulia mbele za haki, mimi ndiye fundi mkuu. Na jambo nililojivunia kuliko yote ni kwamba niliweka simu ya studio, nikaiunganisha vizuri na mitambo, wasikilizaji wakawa wanapiga na kusikika hewani. Nilikuwa natembea Vwawa nimebenua kifua. Mtangazaji wetu wa mchana alikuwa Rehema, binti wa wafugaji wa bondeni Momba, ana sauti tulivu ambayo hata ng'ombe angeisikiliza. Kila kipindi nilimhimiza, waambie wapige simu. Tumelipa jasho kuiweka, itumike.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada Mbangala. Mchana, simu ya studio ikaita nje ya kipindi, nikaipokea mwenyewe. Kijana anahema.

"Mama, mimi naitwa Elia, nauza mnadani hapa Mbangala. Mama, nimeua watu."

Nikamwambia, tulia mwanangu, sema polepole. Habari ikatoka. Elia alikuwa anauza vitu viwili kwenye meza moja: mafuta ya kula ya kupima, na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Vyote ananunua kwa pipa, anagawa kwenye madumu madogo ya njano, yaleyale. Mnajua wenyewe wafugaji wa kule, wananunua vyote siku moja, kwa hiyo wauzaji huviweka pamoja. Ili asichanganye, madumu ya dawa alikuwa akiyafunga kitambaa chekundu shingoni. Alipoinama kuokota chenji, akakuta kitambaa chekundu kiko chini ya meza, kimelegea, kimekanyagwa. Akahesabu madumu ya dawa. Moja halipo.

"Limekwenda kama mafuta?"

"Kama mafuta, mama. Hakuna aliyenunua dawa tangu nilipoyahesabu. Wateja wa mafuta ni wengi, wanawake, siwajui, wametawanyika kila upande. Wengine wametoka na pikipiki, wengine na lori. Mama, watapika."

Mtauliza, harufu je? Dawa ile inanuka. Kwenye nyumba yako na yangu ingenuka. Kwenye nyumba ya mfugaji ambaye jana ameogesha ng'ombe, nguo zinanuka, mikono inanuka, hata blanketi la mtoto linanuka. Nani atajua harufu mpya imetoka wapi?

Nilimuuliza Elia kama amewaarifu kituo cha afya, akasema amemtuma mtu kwa pikipiki. Nikachukua karatasi, nikaandika tangazo kwa mkono wangu. Nalikumbuka neno kwa neno. Aliyenunua mafuta ya kula kwenye dumu la njano mnadani Mbangala leo, usiyatumie, dumu moja lina sumu, piga simu sasa. Na namba ya studio. Rehema akakatiza muziki, akalisoma mara tatu, vizuri kabisa.

Simu ikaanza kuita hata hajamaliza. Nikafurahi, jamani! Nikasema ndiyo, mtambo wangu huo unaokoa watu. Nikapokea.

"Haloo, hapa ni Tunduma. Nasikia watu wamekufa Mbangala, ni kweli?"

Nikakata. Ikaita. Mtu wa Nanyala anauliza ni dumu la lita ngapi, yeye alinunua la kwake wiki iliyopita Vwawa. Nikakata. Ikaita. Mzee mmoja anatoa pole kwa wafiwa na anaomba kumsalimia shemeji yake. Nikakata kwa hasira. Ikaita, ikaita, na nikaanza kuona jambo. Wote walikuwa watu wa juu: Tunduma, Mbozi, Mlowo. Kutoka Mbangala, ambako ndiko dumu liliko, haikuingia hata simu moja.

Nikajaribu kumpigia Elia. Haipatikani. Nikapiga kituo cha afya cha kule. Haipatikani. Nikaanza tena kwa Elia. Haipatikani. Rehema ananitazama kupitia kioo cha studio, ananiuliza kwa mikono, vipi?

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi, niliyeshika spana kwenye mnara uleule wa Mbangala, mdogo, wa zamani, ambao siku ya mnada hata bila balaa lolote unapumua kwa shida, nimefanya nini? Redio imewafikia wote kwa mpigo mmoja, kila mwenye dumu la njano na kila asiye nalo. Na mimi nimewaambia wote, kwa wakati mmoja, wakimbilie kwenye mashine ileile moja na madebe yao. Mwenye dumu anapiga kwetu. Mume aliyeko mnadani anampigia mkewe nyumbani. Mke haipatikani, anarudia. Ndugu wa Tunduma wanampigia shangazi bondeni. Na katikati ya hao wote kuna mwanamke mmoja mwenye dumu lenyewe, anabonyeza kama wengine, na mnara haujui kwamba yeye ndiye. Kwa mnara wote ni sawa.

Nilimuua kwa tangazo la kumwokoa. Ndivyo nilivyojiambia, wanangu, siwafichi. Nilikaa kwenye kiti nikashika kichwa.

Rehema akafungua mlango wa studio. "Mama, nifanyeje? Nirudie tangazo?"

"Usirudie! Ukirudia unazidi kuziba." Nikanyanyuka. "Wanatupigia ili wajue nini?"

"Wajue kama dumu lao ndilo au silo."

"Na sisi tungewajibu nini? Hata Elia hajui. Tungewaambia nini?"

Hatukuwa na jibu la kumpa hata mmoja wao. Nimewaita watu wote hao waje kuniuliza swali ambalo silijui. Nikamgeukia Rehema. "Mwanangu, wewe umekua na ng'ombe. Ile dawa na mafuta, mtu akiwa peke yake nyumbani, bila kuonja, anatofautishaje?"

Wala hakufikiri. "Maji, mama. Dawa ukiidondoshea kwenye maji inakuwa nyeupe kama maziwa. Baba alikuwa akichanganya kwenye ndoo, sisi tunaangalia. Mafuta hayafanyi hivyo, yanaelea tu."

Nilitaka kumbusu. Nikachana karatasi ya kwanza, nikaandika nyingine, na safari hii niliandika kama fundi. Rehema akaketi, akavuta pumzi, akasema taratibu kama anaongea na dada yake jikoni:

"Ndugu zangu wa Mbangala na bondeni kote, weka simu chini. Usitupigie. Usimpigie mtu yeyote. Kama una dumu la njano la mafuta kutoka mnadani leo, chukua bakuli la maji. Dondoshea kidogo. Mafuta yakielea juu, ni mafuta, kaa kwa amani na usipige simu. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, hiyo ni sumu. Mwaga chakula, nawa mikono, na wewe peke yako ndiye upige. Kama kuna aliyekwisha kula, usisubiri simu, mpeleke kituo cha afya mara moja. Na wewe unayenisikia na huna dumu, toka nje, kamwambie jirani asiye na redio. Kwa miguu, siyo kwa simu."

Akasoma, akapumzika kidogo, akasoma tena. Hakuweka muziki. Nikamwambia aendelee hivyo hivyo, mtambo hauchoki, hata akisoma mara mia hakuna anayempunguzia mwenzake.

Simu ya studio ikaita mara mbili tatu, watu wa Tunduma wasiosikia la mkuu, kisha ikanyamaza. Nikashukuru. Ukimya ule ulikuwa na maana kwamba watu wameweka simu chini, na kule Mbangala nafasi zinaanza kupatikana.

Lakini wanangu, hapo ndipo nilipojua ubaya wa redio, ambao Mzee Nzunda hakuwahi kunionyesha, au alinionyesha sikuuona. Redio inasema, haisikii. Rehema anaongea na bonde zima, na hatujui kama kuna mtu hata mmoja ameinuka kuchukua bakuli. Labda mwanamke yule hana redio. Labda ana redio na betri zimekufa. Labda yuko kwenye lori bado. Labda wameshakula. Nilisimama mbele ya ile simu niliyojivunia, nimeitolea macho, roho mkononi. Nilisali kwa Kindali, lugha ya kwetu ambayo huwa naitumia kwa mambo mazito tu.

Nikajaribu kituo cha afya. Ikatoka mara ya kwanza! Mganga akasema yuko tayari, hajaletewa mtu. Hajaletewa mtu ni habari njema au mbaya? Sikujua. Nikakata haraka nisikalie laini.

Rehema alikuwa anasoma mara ya saba au ya nane, sauti imeanza kukwaruza, simu ilipoita. Nikaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Haloo."

Mwanamke, Kiswahili chake cha Kisukuma, polepole. "Ni redio?"

"Ni redio, mama. Sema."

"Yamekuwa meupe."

Nikainama kutafuta kalamu. Akadhani sijasikia.

"Maji. Yamekuwa meupe kabisa, kama alivyosema huyo binti."

"Uko wapi?" Akanitajia kitongoji, mbali, ukipita Mbangala unaendelea. "Mama, umepikia?"

"Nimeshamimina kwenye kikaango. Moto ndiyo unakolea. Niliposikia mara ya kwanza nikapiga kwenu. Inakataa. Nikapiga tena, inakataa. Nikapiga mpaka nikachoka. Nikasema basi, redio wameshampata mwenye dumu lake, ndiyo maana hawapokei. Nikashukuru Mungu si sisi. Nikarudi jikoni."

Mnasikia? Alifanya nilichomwambia. Alinitii mpaka akachoka, na kwa sababu alinitii akaenda kuwasha moto.

Nikakaa sakafuni na waya wa simu umenyooka. Swali lililobaki lilikuwa moja, na sikutaka kuliuliza. Nikaliuliza.

"Watoto wako wapi, mama?"

"Wako hapa mlangoni, wote wanne. Wamenuna, wanataka kula."

Nikamgongea Rehema kioo, nikimwonyesha vidole vinne juu, huku machozi yananitiririka bila aibu yoyote, na mwanamke yule bado yuko kwenye simu, ananiuliza kama mboga za jana ambazo hazina mafuta anaweza kuwapa.

"Wape," nikasema. "Wape zote."